IBN AL-HAYTHAM: MWANACHUONI WA BASRA ALIYEUFUATA MWANGA NDANI YA VUMBI

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunaangalia maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake hutajwa mara nyingi katika hotuba na mihadhara, lakini kazi yake ni wachache wanaoijua vizuri. Huyu ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham, anayejulikana zaidi kwa jina la Ibn al-Haytham. Watu wa Ulaya walimwita Alhazen, na kwa jina hilo walisoma kitabu chake kwa miaka mingi.

Huenda mtu akauliza mzee huyu wa Basra, aliyefariki takriban miaka elfu moja iliyopita, ana uhusiano gani na mama anayepika kwa kuni katika kijiji cha Tarime, au na mchungaji anayevuta moshi wa nyika inayoungua wilayani Serengeti. Uhusiano upo, nao ni wa karibu kuliko inavyodhaniwa. Vifaa vidogo vinavyotumika leo kupima moshi na vumbi lililomo hewani vinafanya kazi kwa jambo ambalo Ibn al-Haytham alilitazama kwa makini ndani ya chumba chenye giza. Lakini tuanze na mtu mwenyewe.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, kusini mwa Iraki, mnamo mwaka 354 Hijria, sawa na takriban mwaka 965 Miladia. Basra wakati huo ulikuwa mji wa bandari, wa misikiti na wa maduka ya vitabu. Wanazuoni wake walibishana juu ya lugha, fiqhi, itikadi na falsafa, na kila kundi lilikuwa na hoja zake na wafuasi wake.

Kijana al-Hasan alikua katikati ya mabishano hayo. Mwaka 417 Hijria, yaani 1027 Miladia, akiwa na umri wa miaka 63 kwa hesabu ya mwezi mwandamo, aliandika habari fupi za maisha yake. Humo alieleza kuwa tangu ujana wake alizichunguza itikadi za makundi mbalimbali na akaona kila moja likishikilia lake. Alifikia uamuzi kuwa haki ni moja, na kwamba tofauti zinatokana na njia ambazo watu wanazifuata kuiendea. Basi akatafuta elimu ambayo mtu anaweza kuanza na jambo linaloonekana, akapanda nalo hatua kwa hatua hadi kwenye hoja isiyopingika. Akaipata katika hesabu, maumbo, falaki na elimu ya maumbile. Habari hizo zilihifadhiwa na Ibn Abi Usaybia, mwandishi wa historia za matabibu aliyefariki mwaka 1270.

Inasemekana pia kuwa alipewa kazi ya serikali katika mji wake, lakini moyo wake haukuwa katika ofisi. Alitaka muda wa kusoma na kuandika.

SAFARI YA MISRI NA MTO NILE

Tukio lililoibadili njia ya maisha yake limesimuliwa na Ibn al-Qifti, mwanahistoria aliyefariki mwaka 1248. Misri ilikuwa chini ya utawala wa Wafatimi, na khalifa wao alikuwa al-Hakim bi-Amr Allah, aliyetawala kuanzia mwaka 996 hadi 1021. Al-Hakim alipenda elimu. Mwaka 1005 alifungua jijini Cairo nyumba ya elimu yenye maktaba kubwa. Lakini alikuwa pia mtawala wa kuogopwa. Leo alimpandisha mtu cheo na kesho alimwua, na mawaziri kadhaa walipoteza vichwa vyao kwa amri yake.

Habari zilimfikia al-Hakim kuwa yupo mtu Basra anayedai kuwa angekuwa Misri, angefanya kazi katika Mto Nile ili maji yake yalete manufaa wakati wa kujaa na wakati wa kupungua. Kwa mtawala wa Misri hilo halikuwa jambo dogo. Uhai wa nchi nzima ulitegemea mto huo. Kila mwaka maji yalipimwa kwenye nguzo yenye alama katika kisiwa cha Rawda, iliyojengwa mwaka 861, na yaliposhindwa kufikia kiwango watu walijua kuwa njaa inakuja.

Al-Hakim alimwita, na kwa mujibu wa simulizi hiyo alitoka mwenyewe nje ya Cairo kumlaki. Alimpa mafundi na mahitaji, naye Ibn al-Haytham akapanda na mto kuelekea kusini. Njiani aliyaona majengo ya watu wa kale wa Misri, yaliyojengwa kwa vipimo na ustadi uliomshangaza. Hapo shaka ikaanza kumwingia. Watu waliojua hesabu na ujenzi kiasi hicho wasingeshindwa kuufunga mto kama ingewezekana kwa nyenzo za binadamu. Alipofika kwenye maporomoko ya kusini mwa Aswan, alipima, akatazama, akajiridhisha kuwa mpango wake hautekelezeki.

Hapa tutue kidogo, ndugu msomaji. Maji aliyoyatazama Ibn al-Haytham pale Aswan hayakuwa mageni kwetu. Mto Mara, unaoanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, ukapita mbuga za Serengeti na kisha kati ya wilaya za Tarime na Serengeti, unamwaga maji yake Ziwa Victoria karibu na Musoma. Ziwa hilo linatoa maji yake Jinja, nayo yanakwenda kaskazini hadi Misri. Ni kweli kwamba gharika ya kila mwaka iliyowahangaisha watawala wa Cairo ililetwa zaidi na mvua za nyanda za juu za Ethiopia. Hata hivyo, katika mto ule alioushindwa mwanachuoni wa Basra yalikuwemo matone ya Mara. Kazi aliyoiota ilikuja kukamilika mwaka 1970, lilipomalizika Bwawa Kuu la Aswan, kwa mashine na saruji ambazo zama zake hazikuwa nazo.

UKWELI MBELE YA MTAWALA NA MIAKA YA KIZUIZI

Ibn al-Haytham alirudi Cairo akiwa na chaguo gumu. Angeweza kuendelea kula fedha za khalifa na kuahirisha kazi mwaka hadi mwaka. Angeweza kuwalaumu mafundi. Badala yake alimwambia mtawala kuwa kazi haiwezekani. Al-Hakim alimpokea udhuru wake kwa nje, akampa kazi katika ofisi ya serikali. Lakini Ibn al-Haytham alijua kuwa utulivu wa mtawala yule haukuwa dhamana ya uhai. Simulizi inasema alijifanya mwendawazimu. Mali yake ikawekwa chini ya msimamizi, naye akazuiliwa nyumbani, hadi usiku mmoja wa mwaka 1021 al-Hakim alipotoka kwenda vilima vya Muqattam na hakurejea tena.

Khalifa alipokwisha kutoweka, Ibn al-Haytham aliirudia akili yake mbele ya watu, akarejeshewa mali yake na kuhamia karibu na mlango wa msikiti wa al-Azhar. Riziki yake aliipata kwa kalamu. Kila mwaka alinakili vitabu vya hesabu na falaki, vikiwemo vya Euclid na Ptolemy, akaviuza kwa dinari 150, na hizo zikamtosha mwaka mzima. Hakutafuta cheo tena.

KITABU CHA MANADHIR

Orodha za vitabu vyake zina majina zaidi ya 90, na zaidi ya nusu ya vitabu hivyo vimetufikia. Aliandika juu ya mwanga wa mwezi, juu ya vioo vinavyounguza, juu ya kuutambua upande wa kibla kwa hesabu, na kitabu kizima cha kueleza mashaka yake juu ya Ptolemy, aliyekuwa imamu wa wanafalaki wote wa zama zile. Lakini kilichompa jina ni Kitab al-Manadhir, yaani kitabu cha mambo yanayoonekana, chenye juzuu 7.

Wengi husimulia kuwa alikiandika katika miaka ya kizuizi. Ni hadithi nzuri, na wapo watafiti wanaoikubali. Wengine, wakitazama orodha ya vitabu aliyoiandika mwenyewe mwaka 1027, hawakioni humo, na hivyo wanaona kuwa alikiandika baada ya hapo, katika miaka 10 hivi ya mwisho wa uhai wake, akiwa mnakili wa vitabu jirani na al-Azhar.

Kabla yake, Euclid na Ptolemy walishikilia kuwa jicho linatoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Ibn al-Haytham alianza na mambo ambayo kila mtu anayajua. Mtu akilikodolea macho jua, jicho linauma. Maumivu hayo yanaletwa na kitu kinachoingia. Tena tukifumbua macho usiku tunaziona nyota mara moja, na ni vigumu kuamini kuwa kitu kilitoka machoni kikafika huko juu kwa kupepesa mara moja. Akahitimisha kuwa mwanga hutoka kwenye jua, taa au moto, ukavigonga vitu, vitu vikautoa kwenda kila upande, na sehemu yake ikaingia jichoni.

Hakuishia kwenye hoja. Alitumia chumba chenye giza chenye tundu dogo ukutani. Alipanga taa kadhaa nje mbele ya tundu, na kila taa ikatoa doa lake la mwanga ndani. Alipoifunika taa moja, doa lake peke yake lilitoweka. Kwa hiyo akajua kuwa mianga yote ilipita katika tundu moja bila kuchanganyika, kila mmoja kwa mstari wake.

MWALE NA VUMBI

Sasa tunafika kwenye jambo linalotuhusu zaidi. Katika juzuu ya kwanza ya kitabu hicho, akitaka kuthibitisha kuwa mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, Ibn al-Haytham alieleza hali ya mwanga wa jua unaoingia kwa tundu katika chumba cha giza. Ikiwa chumbani mna vumbi, au vumbi likitimuliwa, njia yote ya mwanga huonekana wazi tangu kwenye tundu hadi sakafuni au ukutani. Ikiwa hewa ni safi, njia ile haionekani. Linaonekana doa tu mwisho wake. Hapo mtafiti hana budi kuingiza kitu katikati ili kuhakikisha kuwa mwanga unapita.

Mwanga unaopita pembeni mwetu hauingii machoni, na kwa hiyo hatuuoni. Chembe za vumbi au moshi zikikatiza njia yake, kila chembe huugonga mwanga na kuutawanya pande zote, na sehemu ndogo hufika kwenye jicho. Wala si lazima kwenda Cairo kuyaona haya. Katika jiko lolote la nyumba ya bati lenye tundu la msumari, asubuhi jua linapochomoza na moto umewashwa, mwale huonekana kama fimbo nyeupe iliyolala hewani, na moshi unazunguka ndani yake.

Ibn al-Haytham alilitumia vumbi ili auone mwanga. Ilichukua zaidi ya miaka 800 kabla watu hawajaligeuza jambo hilo, wakautumia mwanga ili waone na kulihesabu vumbi.

KUTOKA CAIRO HADI MAABARA ZA LEO

Ibn al-Haytham alifariki Cairo mnamo mwaka 430 Hijria, takriban 1040 Miladia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kitabu chake hakikufa naye. Huko Uajemi, Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki karibu mwaka 1319, alikisherehesha na kukisahihisha, na kwa kutumia chupa ya mviringo iliyojaa maji alieleza jinsi matone ya mvua yanavyofanya upinde. Ulaya kilitafsiriwa kwa Kilatini kufikia takriban mwaka 1200, na mwaka 1572 kikachapishwa katika mji wa Basel.

Jambo moja linafaa kusahihishwa hapa. Kwa karne nyingi alinasibishiwa pia risala juu ya mwanga wa alfajiri na wa baada ya magharibi, ule tunaoufuatilia kwa ajili ya nyakati za swala. Mwaka 1967 ilibainishwa kuwa risala hiyo iliandikwa na mwanachuoni mwingine Mwislamu, Ibn Muadh wa Jayyan, Andalusi, aliyeishi katika karne hiyo hiyo ya 11. Huyu alieleza kuwa mwanga wa alfajiri huonekana kwa sababu jua, likiwa bado liko chini ya upeo kwa nyuzi kama 19, linaangaza mvuke ulioko juu angani. Na kutokana na hesabu hiyo akakadiria urefu wa hewa inayoizunguka dunia. Mtu mwaminifu hampi mwanachuoni sifa isiyokuwa yake, na Ibn al-Haytham haihitaji.

Mnamo mwaka 1869 mwanasayansi John Tyndall alipitisha mwanga mkali katika hewa ya maabara yake jijini London, akaona vumbi ambalo jicho lilikuwa halilioni. Hewa ile ilipopitishwa kwenye moto mkali, vumbi liliungua na mahali pake pakawa peusi, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuutawanya mwanga. Mwaka 1871 Lord Rayleigh alitoa hesabu za mwanga unaotawanywa na chembe ndogo mno, na mwaka 1908 Mjerumani Gustav Mie akatoa hesabu za chembe zinazokaribia ukubwa wa wimbi la mwanga lenyewe. Hizo ndizo hesabu zinazotumika hadi leo.

CHUMBA CHA GIZA KINACHOENEA KIGANJANI

Kihisi cha vumbi cha siku hizi ni kisanduku kinachoweza kuenea kwenye kiganja cha mkono. Ndani yake mna chumba kidogo chenye giza. Feni ndogo inavuta hewa ipite humo, na mwale mwembamba wa leza unaikatiza hewa hiyo. Pembeni, mahali ambapo mwale wenyewe haufiki, limewekwa jicho la elektroniki. Hewa ikiwa safi, jicho hilo halioni kitu. Chembe ikipita katika mwale, mwanga hutawanyika, na jicho linapata mmweko mdogo. Wingi wa mimweko huonyesha idadi ya chembe, na nguvu ya kila mmweko huashiria ukubwa wake. Kutokana na hayo, kifaa hukadiria uzito wa chembe zilizomo katika mita moja ya ujazo wa hewa.

Chembe zinazohofiwa zaidi ni zile zenye upana usiozidi maikromita 2.5, ambazo wataalamu huziita PM2.5. Unywele wa binadamu una upana wa maikromita 50 hadi 70, kwa hiyo chembe 20 au zaidi zinaweza kupangwa katika upana wake. Kwa udogo huo hazizuiwi puani wala kooni. Hushuka hadi vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Zinahusishwa na kichomi kwa watoto, maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachokipendekeza: wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo, badala ya 10 za mwaka 2005, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Katika jiko la kuni lililofungwa, vipimo hupanda hadi mamia. Shirika hilo limekadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani.

Katika ukanda wetu, kazi inayojulikana ni ya Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, ambako mradi wa AirQo ulianza mwaka 2015. Wataalamu wake walitengeneza vifaa vya kupima kwa mtawanyiko wa mwanga vinavyostahimili joto na vumbi la miji ya Afrika, wakavifunga kwenye nguzo, juu ya mapaa na hata kwenye bodaboda. Baadaye vilipelekwa katika nchi nyingine za Afrika.

TARIME NA SERENGETI

Wilaya za Tarime na Serengeti zinaonyesha vizuri kwa nini kipimo cha namna hii kinahitajika, na kwa nini kinahitaji uangalifu. Vyanzo vya chembe huko ni vya aina tatu, na mwanga hauvitendei sawa.

Cha kwanza ni moshi wa kuni na mkaa jikoni. Chembe zake ni ndogo sana, na kihisi huziona vizuri. Hapa wanaoumia zaidi ni mama, mtoto aliyebebwa mgongoni, na bibi anayeota moto katika baridi ya asubuhi ya nyanda za juu za Tarime.

Cha pili ni moto wa nyika. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi hukauka kuelekea Mugumu na katika maeneo yanayopakana na hifadhi, na moto ukiwaka moshi wake husafiri mbali. Mtu anaweza kuwa hajawasha moto kwake na bado akavuta moshi wa wengine.

Cha tatu ni vumbi la ardhi na mawe: barabara za changarawe wakati wa kiangazi, ulipuaji wa miamba katika eneo la dhahabu la Nyamongo, na mashine za wachimbaji wadogo zinazosaga mawe. Sehemu kubwa ya vumbi hili ni la chembe nene, na hapo vihisi vya bei nafuu hudanganyika. Mara nyingi husoma pungufu, kwa sababu chembe nene hazivutwi vizuri na feni ndogo. Mfanyakazi wa mashine ya kusaga mawe anaweza kuonyeshwa namba ya kutuliza moyo huku mapafu yake yakijaa vumbi la jiwe, ambalo huleta ugonjwa usiopona.

Zaidi ya hayo kuna unyevu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chembe hunywa maji na kuvimba, na matone ya ukungu nayo hutawanya mwanga. Asubuhi yenye ukungu, kihisi kilichowekwa juu ya mlima kinaweza kusoma uchafu mkubwa mahali ambapo hewa ni njema. Ndiyo maana wataalamu hawakiamini kihisi peke yake. Hukiweka kwa majuma kadhaa pamoja na chombo kinachovuta hewa kupitia karatasi ya kuchujia; karatasi hiyo hupimwa uzito kabla na baada, na namba za kihisi husahihishwa kwa uzito huo wa kweli. Masahihisho hayo hufanywa kwa moshi na vumbi la mahali penyewe, kwani moshi wa kuni za Tarime si sawa na moshi wa magari ya mji mkubwa.

Na hapa ndipo tabia ya Ibn al-Haytham inapokuwa mwongozo. Yeye hakumkubali Ptolemy kwa ukubwa wa jina lake. Alifundisha kuwa mwenye kusoma vitabu vya elimu hana budi kujifanya mpinzani wa kila anachokisoma, akizishuku pia fikra zake mwenyewe. Namba inayotoka kwenye mashine nayo ni kauli. Inastahili kuulizwa ilivyopatikana kabla ya kupokelewa au kukataliwa.

MAZINGATIO KWA FAMILIA

Ndugu Waislamu, wanazuoni wetu wamekubaliana kuwa kuizuia nafsi na jirani visipate madhara ni katika mambo ambayo sheria imekuja kuyalinda. Madhara ya moshi yalikuwa yakichukuliwa kuwa ni sehemu ya kazi ya mwanamke, jambo la kuvumiliwa. Baada ya kupimika, udhuru huo umepungua nguvu.

Baba wa familia haina haja asubiri kihisi kiletwe kijijini. Kuni zikaushwe vizuri kabla ya kutumiwa, kwani kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Jiko lipewe dirisha mbili zinazoelekeana au bomba la kutolea moshi. Mtoto mchanga asilazwe jikoni. Anayesaga mawe asifanye hivyo makavu bila kuyanyunyizia maji. Mwenye uwezo ahamie kwenye gesi au umeme, hata kwa baadhi ya vyakula tu. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na familia zetu zisiwe za mwisho. Kumnunulia mjane au mzee jiko lisilotoa moshi ni sadaka ambayo manufaa yake yanaonekana siku hiyo hiyo.

Wazazi wenye watoto wanaosoma sayansi wawasimulie pia habari za mtu huyu. Mwaka 2015, Umoja wa Mataifa ulipoadhimisha mwaka wa kimataifa wa mwanga, ulimkumbuka pamoja na kitabu chake baada ya miaka takriban 1,000. Watoto wetu wajue kuwa alikuwa mtu aliyeshindwa kazi kubwa aliyoahidi mbele ya mfalme, akasema ukweli, akapoteza uhuru wake, kisha akaishi kwa kunakili vitabu huku akichunguza mambo ambayo kila mtu aliyaona na hakuna aliyeyajali. Kijana wa Mugumu, Sirari au Nyamwaga hahitaji jumba la maabara ili aanze. Chumba chenye giza, tundu moja na jua vinatosha kwa swali la kwanza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Haytham na wanazuoni wetu wote waliotangulia, awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na azilinde nyumba zetu na kila lenye madhara. Amin.

Wabillahi tawfiq.